Niiweke Wapi Ngazi?

Fundi alisimama mlangoni mwa chumba changu cha kulala, ngazi begani. Panga boi lilikuwa limechoka. Kwa wiki mbili lilizunguka polepole kama mzee anayetafuta miwani yake, na joto la Februari hapa Dar es Salaam halina subira na feni la namna hiyo. Akachungulia kushoto. Akachungulia kulia. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa:

"Dada, niiweke wapi ngazi?"

Sikuwa na jibu.

Upande wa dirishani kulikuwa na viroba viwili na feni la zamani lisilo na kichwa. Upande wa kabati kulikuwa na maboksi matatu, la juu kabisa likiwa limeegemea ukuta kama mlevi. Miguuni pa kitanda, kiti cha plastiki kilichobeba nguo mpaka hakionekani kuwa ni kiti. Njia iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja, tena apite kwa ubavu.

Mwisho wa yote aliacha ngazi koridoni, akavua viatu, akapanda juu ya kitanda changu. Alisimama kwenye godoro, soksi moja imetoboka kidoleni, akiyumba kila alipofungua skrubu. "Kapasita imekufa tu," akasema. Dakika kumi, kazi imekwisha. Nikamlipa, akaaga, akaenda zake.

Hakucheka wala hakusema neno. Angecheka ningelala usingizi.

Hodi

Ukija kwangu utaniona mtu nadhifu. Sebule yangu inafagiliwa asubuhi na jioni. Vitambaa vya makochi vimenyooka, meza haina alama ya kikombe. Ukibisha hodi bila taarifa, nitachelewa kidogo kukufungulia, halafu nitakukaribisha kwa tabasamu, na wewe utasema, "Jamani, kwako pasafi!"

Kule kuchelewa kidogo ndiko kulikojenga chumba changu.

Nimekulia Tanga kwenye nyumba iliyokuwa na amri moja kuu: "Peleka chumbani." Mgeni anaingia, peleka chumbani. Umeletewa mzigo wa mtu, peleka chumbani. Kimevunjika lakini kinaweza kutengenezeka, peleka chumbani. Chumba cha mama kilikuwa stoo, benki, duka la dawa na mahakama, vyote kwa pamoja, na sisi watoto tuliingia pale kwa kuitwa tu. Sikuwahi kujiuliza analalaje.

Miaka minne nimekaa kwenye nyumba hii ya kupanga Tabata. Nikajaribu kuhesabu ni watu wangapi wameona chumba changu cha kulala kwa miaka yote hiyo. Nilikuwa ndani ya daladala, nimebanwa dirishani, nahesabu kwa vidole.

Mimi. Na fundi.

Ningekuwa na mume ningemsingizia yeye. Sina.

Jumamosi ya kwanza

Mwezi mzima swali la ngazi lilinifuata. Nikipiga mswaki, niiweke wapi. Nikisubiri foleni, niiweke wapi. Jumamosi moja nikaamka saa kumi na mbili asubuhi, nikafunga kanga kiunoni, nikafuata ushauri unaozagaa kila mahali: toa kila kitu, rundika kitandani, halafu chagua kimoja kimoja.

Ukiambiwa utoe kila kitu, jiulize kwanza kama unajua "kila kitu" ni kiasi gani.

Nilitoa chaja 11, kati yake mbili za pini nyembamba za simu ambazo sijui hata zilikwenda wapi. Risiti za umeme wa LUKU mfuko mzima, maandishi yamefifia mpaka zimebaki karatasi tupu. Fulana nne za kampeni kutoka vyama viwili, na mimi sina kadi ya chama chochote. Rimoti ya televisheni niliyoiuza. Hotipoti mbili na chupa ya chai, zote ndani ya maboksi yake, nazitunzia wageni ambao hawajafika bado. Sare za harusi saba, kila moja imevaliwa siku moja. Kadi za michango 23, na nilipokaa kuzisoma niligundua kwamba ndoa tatu kati ya hizo zimeshakufa ilhali kadi zake bado ngumu, zinang'aa. Viatu vya mguu wa kushoto. Pasi isiyo yangu.

Saa nane mchana nilikuwa bado natoa. Saa kumi na mbili jioni kitanda cha 5 kwa 6 kilikuwa mlima, na mimi nimekaa sakafuni nasoma kadi ya kipaimara ya binti ambaye leo ana watoto wawili. Nililala kwenye kochi. Jumapili baada ya ibada nilirudisha vitu vyote vilikotoka, safari hii bila hata kuvikunja.

Chumba kikawa kibaya kuliko siku ya fundi.

Vya nani hivi?

Kilichobadilisha mambo kilikuwa ile pasi.

Nilikuwa naipeleka kwa fundi mwingine nione kama inapona, njiani nikakumbuka: hii pasi ni ya dada niliyekaa naye chumba kimoja Kinondoni, kabla sijahamia huku. Aliniachia siku anahama. "Nitaipitia wiki ijayo," alisema. Ilikuwa mwaka 2018. Pasi ile imehama nami nyumba mbili. Nimeilipia nauli ya kirikuu mara mbili.

Nikarudi nyumbani, nikasimama mlangoni pale pale aliposimama fundi, nikayaangalia yale mafurushi kwa swali jingine. Nikaacha kuuliza nitaviweka wapi. Nikauliza ni vya nani.

Tranka lililokuwa uvunguni: la mdogo wangu. Kiroba cha kwanza: nguo za watoto wa jirani wa zamani, aliyesema zihifadhiwe kwa kuwa anategemea kuzaa tena. Boksi la vitabu: la mfanyakazi mwenzangu aliyeacha kazi. Begi la shangazi kaja lenye kufuli: la shangazi kweli, wala si utani. Kiroba cha pili, kile kizito: kanga za mama.

Zaidi ya nusu ya vitu vilivyonizuia kupita havikuwa vyangu.

Hapo ndipo nilipojielewa kidogo, na sikufurahia nilichokiona. Nilidhani nina tatizo la uvivu, na uvivu unatibika kwa fagio. Kumbe nilikuwa naogopa simu. Kumpigia mtu na kumwambia njoo uchukue mzigo wako, kwetu kuna harufu ya kumfukuza. Akinyamaza sekunde mbili, umeshakuwa mtu mbaya. Kwa hiyo unaacha mzigo ukae, na wewe unajifunza kupita kwa ubavu.

Nilianza na rahisi, mdogo wangu. Yuko Mwanza, ana kazi na nyumba nzuri kuliko yangu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nina tranka lako hapa."

"Tranka lipi?"

"La sekondari."

Akanyamaza. Nikaanza kutokwa na jasho.

"Dada," akasema, "lile tranka bado lipo?"

Alikuwa amelisahau kabisa! Mimi nimelilinda tangu 2012, nimepuliza dawa ya mende kulizunguka, nimempa dalali wa nyumba sababu za kutaka chumba kikubwa, na mwenyewe halikuwa hata kwenye ndoto zake. Akasema choma tu. Usiku akapiga tena: usichome kwanza, nipigie picha. Nikapiga picha daftari moja baada ya jingine. Akaomba moja tu, la Kemia la kidato cha tatu, kwa sababu nyuma yake rafiki yake wa bweni alimchorea picha, na huyo rafiki hayupo tena duniani. Nikalituma kwa basi. Tranka lenyewe litakwenda na mtoto wa jirani mwezi wa saba, anaingia kidato cha tano bweni.

Mwenye nguo za watoto aliniambia alishafunga kizazi. Mwenye pasi alibadilisha namba. Mwenye vitabu alikuja siku ile ile na boda, akanishukuru mpaka nikaona haya.

Simu nne. Katika zote hakuna aliyenikasirikia.

Akiba haiozi

Hapa niseme jambo kuhusu ushauri wa kutupa-tupa vitu, maana umetufikia na mimi nina mashaka nao. Unaambiwa kama hujakitumia mwaka mzima, kiondoe. Ukikihitaji utanunua kingine. Hiyo "utanunua kingine" ndiyo inayonikwamisha. Wengi wetu tumelelewa na watu waliopanga foleni kununua sabuni na sukari miaka ya mwanzo ya 1980. Mama yangu hakuwahi kutupa kopo. Kwake kopo lilikuwa kikombe cha mtu atakayekuja. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba amani ya moyo inapatikana kwa kuwa na vitu vichache, atakuuliza kama umewahi kuwa navyo vichache kweli.

Tena hebu twende sokoni Karume, Ilala, asubuhi robota la mitumba linapofunguliwa. Zile blauzi zinazoruka hewani zilitoka kwenye kabati za watu wa mbali waliokaa Jumamosi moja wakachambua vyumba vyao. Wao walipata nafasi. Sisi tukapata blauzi, na mimi mwenyewe nikainunua moja, nikaipeleka chumbani.

Kwa hiyo sikutaka kutupa kwa mashindano. Na sikutaka ile tabia yetu nyingine, ya kufunga vitu vibovu kwenye kiroba na kuvipeleka kijijini kama msaada. Blenda iliyoungua Tabata haitapona Lushoto. Tunawafanya ndugu zetu kuwa jalala halafu tunasubiri shukrani.

Lakini pia sikuweza kuendelea kujificha nyuma ya methali. Akiba haiozi, tunasema. Masika ilipoanza nikavuta kutoka uvunguni boksi la viatu vya ngozi nilivyovitunza kwa ajili ya "shughuli". Vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Soli zilibaki mkononi mwangu zenyewe. Suti niliyoshonesha kwa gharama kubwa ilikuwa na matundu ya mende kwapani.

Kumbe inaoza. Ikikaa uvunguni Dar es Salaam bila hewa, inaoza vizuri sana.

Doti tisa

Kiroba cha pili nilikiruka wiki tano.

Mama alifariki mwaka 2019. Baada ya arobaini nguo zake ziligawiwa kama desturi, mashangazi wakachukua zao, majirani zao. Kanga nikaachiwa mimi kwa kuwa ndiye binti. Nikazifunga kwenye kiroba pamoja na vidonge vya dawa ya nondo, nikazileta Dar, na tangu hapo sikufungua. Nilijiambia natunza kumbukumbu. Ukweli ni kwamba kila nilipoukaribia ule mdomo wa kiroba mikono ilikuwa mizito.

Nilimpigia mama mdogo. Nikamwambia nimekwama. Nilitegemea aniambie acha, mwanangu, utafungua siku ukiwa tayari. Akapanda basi la alfajiri kutoka Tanga, saa nane mchana yuko mlangoni kwangu na embe za kwenye mfuko.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Kiko wapi?"

Tukakaa chini mkekani. Yeye ndiye aliyefungua. Harufu ya dawa ya nondo ilipanda mpaka tukafungua madirisha yote, na chini yake, mbali, kulikuwa na harufu ya udi ambayo nilijua ni ya nani.

Nilitegemea kukuta kanga zilizochakaa, zile laini alizofungia kiunoni akipika. Moja tu ndiyo ilikuwa hivyo, kipande kimoja kisicho na mwenzake, maandishi yamekwisha nusu. Zilizobaki zilikuwa doti tisa, na katika hizo tisa, sita hazikuwa zimekatwa. Unajua kanga ya dukani ilivyo: vipande viwili vimeungana, mpaka uvikate na kupinda ncha ndipo uvae. Sita zilikuwa hivyo hivyo. Wanga bado mgumu. Lebo ya dukani imo. Kwenye mikunjo rangi ilikuwa imekufa, na mbili zilipofunguliwa zilichanika zenyewe kwenye mkunjo, kwa sauti ndogo.

Mama alivaa ile moja mpaka ikaisha. Hizi alizihifadhi.

Nikamwuliza mama mdogo alizihifadhia nini. Akachukua moja iliyoandikwa *Nani kama mama*, zawadi kutoka kwangu mwenyewe, niliyomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Haijakatwa. Akapitisha mkono juu yake.

"Alisema hii ni ya siku yako," akasema.

Siku yangu ilikuwa ni harusi. Haikuja. Na yeye hakuivaa.

Sikulia wakati ule. Nililia kesho yake, jikoni, nikimenya kitunguu, ikawa rahisi kusingizia.

Mama mdogo alichukua doti mbili, akaniambia nichague zangu, na zilizobaki zitoke. Nikabisha. Tulibishana kweli, nilimwambia hizi si chaja za simu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe humtunzi dada yangu. Unatunza kiroba." Nikanuna mpaka usiku. Mpaka leo sina uhakika kama alikuwa na haki ya kusema vile. Najua tu kwamba asubuhi nilichukua mkasi.

Doti mbili zilikwenda kwa binti wa jirani aliyekuwa anakaribia kujifungua, maana hospitali ukienda bila kanga utazunguka. Moja kati ya hizo mtoto ametokea nayo wodini. Mbili zilizochanika nimezishona mapazia. *Nani kama mama* nimeikata, nimeipinda, na naivaa nikifagia. Haikupendeza siku ya kwanza. Ilikuwa ngumu kama karatasi. Imefuliwa mara nane sasa, inaanza kulegea.

Ile iliyochakaa imelala chini ya mto. Hiyo sijaulizwa na mtu na sitajibu.

Kile kiti

Kusafisha kulinichukua miezi minne. Kukaa safi ndiyo kazi inayoendelea, na kama mnavyojua, haina hadithi ya kusisimua.

Adui yangu wa kila siku ni kile kiti cha plastiki. Nguo chafu zina tenga. Nguo safi zina kabati. Lakini kuna kabila la tatu la nguo, ile uliyovaa mara moja, haijachafuka ya kufuliwa wala haiko safi ya kurudishwa. Hiyo ndiyo inayokwenda kwenye kiti. Leo moja, Ijumaa saba. Mbu wanalijua kabila hilo kuliko sisi. Mchana wanajificha kwenye nguo zilizoning'inia gizani, usiku wanatoka kazini. Nilikitoa kiti nje kabisa, nikakipa mlinzi. Siku ya kwanza nikaweka nguo sakafuni pale pale kilipokuwa kiti.

Nikapigilia misumari mitatu nyuma ya mlango. Mitatu tu. Ya nne ikitaka kuingia, mojawapo inaamuliwa: tenga au kabati. Kuna siku nashinda, kuna siku misumari inabeba nguo mbili mbili na mimi najifanya sioni.

Kitu kingine ninachoshikilia ni uvungu. Fagio lazima liguse ukuta wa upande wa pili. Likigonga kitu, hicho kitu kinatoka siku hiyo hiyo. Na godoro linaanikwa juani Jumamosi moja kila mwezi, jambo ambalo mama alilifanya maisha yake yote na mimi niliacha kwa kuwa hapakuwa na njia ya kulipitisha.

Wiki iliyopita rafiki alibisha hodi bila taarifa. Nilikuwa na kikapu cha nguo sebuleni, nimekunja nusu. Mikono yangu ilikinyanyua yenyewe, miguu ikaelekea chumbani, nikafika mpaka mlangoni. Nikasimama. Nikarudi nacho, nikakiweka juu ya kochi, nikaenda kufungua.

Akakisogeza, akakaa. Akaanza kunisaidia kukunja huku ananisimulia ya kwao.

Begi la shangazi

Limebaki moja.

Shangazi nilimpigia simu ya mwisho kabisa, kwa sababu shangazi ni shangazi. Nikazunguka sana: shikamoo, hali ya Tanga, mvua, goti lake. Nikafika kwenye begi. Nikasema kama ana nafasi ya kupita Dar, au kama naweza kulituma kwa basi kama nilivyotuma daftari.

"Umelifungua?" akauliza.

"Hapana, shangazi. Lina kufuli."

"Usilifungue."

"Sawa, shangazi. Nilitume?"

"Usilitume. Si mzigo wa basi huo."

Nikamwuliza mna nini ndani. Akaniuliza nimekula nini mchana.

Kwa hiyo lipo, uvunguni, upande wa kichwani. Kila Jumamosi nalivuta mpaka katikati ya chumba, nafagia lilipokuwa, nalifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nalirudisha. Halina uzito mkubwa. Ukilitikisa halitoi sauti yoyote.